Tufani Ukutani: Uhakiki wa Picha za Bahari za Waholanzi

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki picha za tufani na za kuvunjika kwa meli zilizochorwa na mafundi wa Uholanzi katika karne ya 17. Yumkini baadhi ya wasomaji wetu watauliza: walimu wa Kiswahili walioko Kyambogo, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Mombasa, wana haja gani na mawimbi yaliyopakwa rangi huko Ulaya karibu miaka mia nne iliyopita? Swali hili ni la haki, nasi tutalijibu kabla ya kuendelea.

Kwanza, Uganda haina bahari, lakini ina ziwa lifanyalo kazi ya bahari, kwa wema na kwa ubaya. Bandari ya Port Bell haiko mbali na kilima chetu, na wavuvi wa visiwa vya Ssese na Buvuma hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza dhoruba ni kitu gani. Pili, lugha tunayoifundisha imekulia pwani, na sehemu kubwa ya hekima yake imehifadhiwa ndani ya vyombo. Mwanafunzi akaririye methali isemayo "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" bila ya kujua kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele yake, na ngama ni pale chini maji yanapokusanyika, huyo amekariri sauti tu. Picha nzuri ya chombo kinachopambana na upepo yaweza kumfunulia katika dakika moja mambo ambayo kamusi huyaeleza kwa shida.

Hata hivyo hatupendekezi picha hizi zitundikwe darasani na kusifiwa tu. Hoja yetu ni hii: wachoraji wa Uholanzi walisema kweli kubwa kuhusu maji, upepo na chombo, lakini walinyamaza kuhusu chanzo cha maafa. Katika picha zao mshtakiwa ni mmoja tu, nayo ni tufani. Sisi, tunaoishi kando ya ziwa ambalo limekwisha kumeza mamia ya watu katika siku zisizo na tufani, tuna sababu ya kuudai ukweli wa pili.

Chimbuko la picha hizi

Sanaa haianguki kutoka mbinguni. Uholanzi ni nchi ya tambarare, na karibu robo yake iko chini ya usawa wa bahari. Mwishoni mwa karne ya 16 nchi hii ilikuwa katika vita vya kujikomboa kutoka katika utawala wa Hispania, na uhai wake ulitegemea meli: meli za samaki, za nafaka kutoka Baltiki, na baadaye za viungo kutoka Asia. Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki iliundwa mwaka 1602. Meli zake zilifika hata katika upande wetu wa dunia, kwani mwaka 1607 na tena mwaka 1608 Waholanzi waliizingira ngome ya Wareno katika kisiwa cha Msumbiji, na mara zote mbili wakashindwa kuitwaa.

Basi bahari ilikuwa ndiyo shamba la Waholanzi, na tufani ilikuwa ndiyo ukame wao. Usiku wa mkesha wa Krismasi mwaka 1593 tufani ilizikuta meli nyingi zikiwa zimetia nanga karibu na kisiwa cha Texel, zikingoja upepo mwema. Meli zipatazo 40 zilizama na watu wapatao elfu moja wakafa. Mfanyabiashara na mshairi mmoja wa Amsterdam, Roemer Visscher, alipata hasara katika msiba huo, na binti yake aliyezaliwa miezi mitatu baadaye akapewa jina la Tesselschade, maana yake "hasara ya Texel". Wasomaji wetu hawatalistaajabia jambo hili. Sisi nasi huwaita watoto wetu Tabu, Shida na Mashaka kwa kukumbuka hali za kuzaliwa kwao. Lakini tulitazame neno lenyewe. Jina la mtoto yule halikusema "msiba" wala "kilio". Lilisema "hasara". Hilo ni neno la daftari la mfanyabiashara, nasi tutalirudia.

Mchoraji ahesabiwaye kuwa mwanzilishi wa uchoraji wa bahari huko Uholanzi ni Hendrick Vroom wa Haarlem, aliyefariki mwaka 1640. Karel van Mander, katika kitabu chake cha mwaka 1604 kuhusu maisha ya wachoraji, anasimulia kwamba Vroom mwenyewe alivunjikiwa na meli katika pwani ya Ureno alipokuwa akisafiri na picha zake. Picha hizo, zilizokuwa za mambo ya dini, zilitupwa ufukoni na mawimbi. Watu wa pale walipoziona wakasadiki kwamba manusura hawakuwa maharamia wa Kiingereza, wakawaacha hai. Baada ya hapo Vroom akaichora tufani ile ile iliyotaka kumuua. Kwa hiyo asili ya sanaa hii ni ushahidi wa mtu aliyemeza maji ya chumvi.

Ushahidi huo haukukawia kuwa bidhaa. Mwaka 1615, huko Antwerp, mchoraji Jan Porcellis alifunga mkataba wa kuchora picha 40 za meli katika muda wa majuma 20, yaani picha mbili kila juma. Watu waliozinunua picha za namna hii hawakuwa wafalme peke yao. Wenye maduka na mafundi wa kawaida nao walitundika bahari ukutani.

Fani

Katika fani, mafundi hawa wanastahili heshima kamili. Tukianza na Vroom, picha zake ni angavu na zimejaa bendera. Kila kamba inaonekana na kila mzinga unahesabika. Bahari yake ni ya kijani na mawimbi yake yamepangwa kwa safu kama matuta ya viazi. Tunaiona meli vizuri, lakini upepo hatuusikii.

Porcellis alileta mageuzi. Yeye aliziacha rangi nyingi akabaki na kijivu na rangi ya udongo. Aliushusha upeo wa macho hadi chini, mbingu ikachukua sehemu kubwa ya picha, na chombo kikawa kidogo. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji huuona unyevu wa hewa kabla ya kuiona meli. Samuel van Hoogstraten, aliyeandika juu ya sanaa mwaka 1678, alimlinganisha Porcellis na Raphael kwa ubora wake katika picha za bahari. Ni ajabu kwamba mtu aliyelazimishwa na mkataba kuchora haraka ndiye aliyegundua kuwa tufani huchorwa vyema zaidi kwa vitu vichache. Walimu wa ushairi watalielewa jambo hili, kwani mizani finyu humfundisha malenga kutupa maneno yasiyo na kazi.

Baada yake walikuja Willem van de Velde wawili, baba na mwana. Baba alikuwa akienda baharini kwa mashua wakati wa mapigano ili achore meli zilivyo, na mwana, aliyefundishwa pia na Simon de Vlieger, akazitia rangi. Picha ya mwana iitwayo "Upepo wa Ghafla", ya mnamo mwaka 1680, iliyoko katika jumba la Rijksmuseum huko Amsterdam, yatosha kuwa somo zima. Meli kubwa imelala ubavu, tanga zinapigana na foromali, na wimbi la mbele limeinuka kama mgongo wa mnyama. Baharia akiitazama picha hii aweza kusema upepo unatoka wapi, tanga lipi limechelewa kukunjwa, na hatari ya pili itatokea upande gani. Hakuna kamba iliyowekwa kwa ajili ya pambo.

Wa mwisho tutakayemtaja katika kundi hili ni Ludolf Bakhuizen, mzaliwa wa Emden, aliyefariki mwaka 1708. Alianza kazi kama karani mwenye mwandiko mzuri. Arnold Houbraken, mwandishi wa maisha ya wachoraji, anasema kwamba Bakhuizen alikuwa akiwataka mabaharia wamtoe baharini hali ya hewa ilipochafuka, ili ayaone mawimbi kwa macho yake, kisha arudi mbio kuyachora kabla hayajamtoka akilini. Picha yake ya mwaka 1667, ambayo sasa iko Washington, inaonyesha meli tatu za mizigo zenye matumbo mapana zikisukumwa kuelekea miamba. Mbele yetu mlingoti unaelea majini, nao unatueleza kwamba chombo kingine kimekwisha kuzama. Upande mmoja wa mbingu umeanza kung'aa, na hatujui kama nuru hiyo itawahi.

Maudhui

Tukigeukia maudhui, tunaona kwamba tufani hubeba maana tatu katika picha hizi.

Maana ya kwanza ni ya dini. Mwaka 1633 Rembrandt alichora picha yake ya pekee ya bahari, ile ya Yesu na wanafunzi wake katika tufani ya Galilaya. Omo imeinuka juu, tanga limechanika, watu wengine wanapambana na kamba na mmoja anatapika. Katikati ya ghasia hiyo mtu mmoja aliyefanana na Rembrandt mwenyewe ameshika kofia yake na kututazama sisi. Picha hiyo iliibwa Boston mwezi Machi 1990 na haijapatikana, na fremu yake tupu bado inaning'inia mahali pake. Siku hizi hata wakazi wa Boston huiona vitabuni tu, kama sisi wa Kyambogo.

Wasomaji wetu hawatashindwa kuiunganisha maana hii na utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambamo dunia imefananishwa na bahari iliyochafuka, yenye miamba ya kumvunjia msafiri chombo chake. Mshairi wa pwani yetu na wachoraji wa Uholanzi hawakupata kuonana, lakini wote walijua kwamba nafsi ya mwanadamu ni chombo kidogo. Tofauti yao ni kwamba mshairi anaikemea nafsi. Anauliza kwa nini imepakia ubatili. Kwake yeye shehena ni sehemu ya kosa.

Maana ya pili ni ya taifa. Bendera yenye rangi nyekundu, nyeupe na buluu haikosekani mlingotini, na mtazamaji wa Amsterdam alijiona ndani ya meli ile. Hata hivyo utaifa huu ulikuwa na bei. Katika majira ya baridi ya mwaka 1672 na 1673, nchi yao ikiwa vitani na Uingereza, akina van de Velde walihamia Uingereza, na kuanzia mwaka 1674 mfalme Charles wa Pili akamlipa kila mmoja wao pauni mia moja kwa mwaka. Mikono iliyosifu manowari za Uholanzi ikasifu za adui. Hatusemi haya kwa kuwadharau. Tunasema tu kwamba mchoraji naye alikuwa mtu wa mshahara.

Maana ya tatu ni ya burudani. Lucretius, mshairi wa Kirumi, aliandika zamani kwamba kuna raha katika kuitazama taabu ya wenzako baharini ukiwa umesimama nchi kavu. Si kwa kuipenda taabu yao, bali kwa kutambua kwamba wewe umesalimika. Hapa kuna jambo la kuchunguzwa. Pwani ya Uholanzi ni ya mchanga, na meli zao zilipokufa karibu na nyumbani zilikufa juu ya mafungu ya mchanga. Je, majabali marefu ya Bakhuizen yametoka wapi? Yametoka katika nchi nyingine na katika kichwa cha msanii. Msanii ana haki ya kubuni, lakini yafaa tujue kwamba wachoraji hawa waliosifiwa kwa ukweli wa kila kamba walikubali kuibadili pwani nzima ili tufani ipendeze zaidi sebuleni.

Kilichoachwa

Sasa tumefikia kiini cha uhakiki wetu. Tuchukue maafa mawili ya kweli ya meli za Kiholanzi tuyalinganishe na picha.

Tarehe 4 Juni 1629 meli Batavia ya Kampuni ya India ya Mashariki iligonga mwamba karibu na pwani ya magharibi ya Australia. Haikuwa tufani. Ulikuwa usiku, na povu lililoonekana mbele lilidhaniwa kuwa ni mwanga wa mwezi juu ya maji. Manusura walipofika visiwani, baadhi yao wakaongozwa na karani wa Kampuni, Jeronimus Cornelisz, kuwaua wenzao zaidi ya mia moja. Tarehe 1 Januari 1738 meli Leusden ya Kampuni ya India ya Magharibi, iliyobeba Waafrika waliokamatwa kutoka pwani ya Ghana ya leo, ilikwama katika mlango wa mto Maroni huko Surinam. Mabaharia waliifunga milango ya ngamani ili mateka wasitoke, wakaokoka wao. Watu 664 wakafa gizani. Waliosalimika miongoni mwa mateka walikuwa 16, kwa kuwa walikuwa juu ya sitaha.

Katika habari hizi mbili, aliyeua si upepo. Aliyeua ni kosa la uongozi, ni tamaa, ni mpango wa biashara uliomhesabu mtu kuwa shehena. Hili ndilo jambo ambalo picha ya tufani haina mahali pa kuliweka. Katika turubai ya Bakhuizen meli ina tumbo pana, lakini hatuulizwi ndani mna nini. Hasara inaonekana, wenye mali hawaonekani. Tulisema tutalirudia neno la Tesselschade: sanaa iliyozaliwa katika nyumba za wafanyabiashara ilijifunza kulia kwa sauti ya daftari.

Atatokea msomaji aseme kwamba tunawaonea wachoraji. Kwamba mchoraji si tume ya uchunguzi, na kwamba sura ya wimbi haiwezi kutaja jina la mwenye meli. Pingamizi hili lina uzito, ila historia ya sanaa yenyewe inalijibu. Mwingereza J. M. W. Turner aliheshimu sana picha za van de Velde na akajifunza kwazo. Mwaka 1840 alionyesha picha ya meli ya watumwa katika tufani inayokuja, ambamo minyororo na viungo vya watu waliotoswa vinaonekana majini mbele kabisa ya picha. Habari za meli Zong, ambayo mabaharia wake waliwatosa mateka hai mwaka 1781 na wenye meli kisha wakadai fidia ya bima, zilikuwa zimekwisha kujulikana. Bahari ya Turner ni ile ile, na mbingu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba msanii ameamua kuuliza nani ametupwa na kwa faida ya nani. Basi fani ya Waholanzi haikuwa bubu kwa asili. Ilinyamazishwa na maudhui yake.

Na kwetu je?

Pwani yetu ilichora vyombo tangu zamani. Katika kuta za magofu ya Kilwa, Songo Mnara, Gedi na Takwa yamechongwa maumbo ya vyombo juu ya chokaa: mwili wa chombo, mlingoti, tanga na kamba. Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, imehifadhiwa michoro ya meli na watu iliyofanywa na Wareno wa ngomeni katika karne ya 17, na nje ya ngome hiyo hiyo, mwezi Oktoba 1697, ilizama manowari ya Kireno Santo António de Tanná. Wachongaji wetu walijali chombo, si dhoruba; bahari waliwaachia washairi. Hata kimbunga cha Aprili 1872, kilichoangamiza merikebu za Sayyid Barghash na mikarafuu ya Unguja, hatukirithi kama picha ya ukutani.

Lakini misiba ya wakati wetu inatudai kitu kingine. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Makaburi yao yako Igoma. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Tarehe 24 Novemba mwaka huo huo, hapa hapa kwetu upande wa Mukono, MV Templar ilizama na watu wa starehe, wakafa zaidi ya 30. Mkondo na upepo vilikuwapo, kama vilivyo siku zote. Jambo linalojirudia katika habari hizi ni chombo kujazwa kupita kiasi.

Kila mara msiba wa namna hii unapotokea, tunasikia methali: "Ajali haina kinga." Kwa maoni yetu, methali hii ndiyo picha yetu ya tufani. Inafanya kazi ile ile iliyofanywa na wingu jeusi la Bakhuizen: inayageuza macho yetu yatazame mbinguni, na kumwacha aliyekata tikiti za ziada ashuke gatini salama.

Hitimisho

Tunapendekeza, basi, kwamba picha hizi zifundishwe, na zifundishwe kwa maswali mawili. Swali la kwanza ni la fani: mwanafunzi ataje kwa Kiswahili kila sehemu ya chombo aionayo, aeleze upepo unatoka wapi na mabaharia wanafanya nini, na kwa nini. Mwalimu atashangaa jinsi msamiati wa tanga, foromali, usukani na ngama utakavyokaa katika akili ya mtoto wa Kampala akiisha kuona kazi yake. Swali la pili ni la maudhui: nani yumo ndani ya chombo hiki na haonekani, na nani amebaki nchi kavu akingoja faida?

Hapa Kyambogo walimu wa lugha na walimu wa uchoraji huandaliwa katika kilima kimoja, na tangu mwaka 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, kazi yetu imeongezeka. Tungependa kuona wanafunzi wa pande mbili wakiichora Nnalubaale pamoja: wakope kwa Porcellis kijivu cha mbingu, wakope kwa van de Velde uaminifu wa kamba, kisha wachore gati kabla ya safari, pale watu wanapopandishwa na hakuna anayehesabu. Maji katika picha hiyo yawe matulivu kabisa.

Methali nyingine ya wazee wa pwani yasema, "Chombo cha kuzama hakina usukani." Wengi huielewa kama neno la kukata tamaa. Sisi tunaisoma kama neno la mkaguzi: chombo kikizama, kabla ya kuulaumu upepo, tazameni kwanza usukani ulikuwa mikononi mwa nani.